Ugonjwa wa Karani na Ugonjwa wa Kibarua

Malaria haimwulizi mtu cheo chake. Ikimshika karani wa ofisi mjini Kisumu siku ya Jumatatu, na ikimshika mkata miwa wa Muhoroni siku hiyo hiyo, wote wawili hutetemeka namna moja, hupewa dawa zile zile za kumeza kwa siku tatu, na huhitaji siku kadhaa tena kabla ya nguvu kuwarudia. Tofauti yao huonekana siku ya malipo. Karani huupokea mshahara wake mzima, kana kwamba hakuondoka mezani pake. Mkata miwa anayelipwa kwa uzito wa miwa hupokea fedha za miwa aliyoikata, na siku alizolala kitandani hazina uzito wowote.

Watu wengi hudhani kwamba tofauti hiyo imewekwa na sheria. Sivyo, au tuseme sivyo kabisa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanyakazi aliyekwisha kumtumikia mwajiri mmoja kwa miezi miwili mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na baada ya hizo siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi kumi na miwili ya utumishi. Sharti lake ni kwamba amwarifu mwajiri mapema iwezekanavyo, na alete cheti kilichotiwa sahihi na daktari au na msimamizi wa zahanati kwa niaba ya daktari. Sheria haikutaja kola nyeupe wala jembe. Mpishi wa nyumbani, mlinzi wa usiku, mchuma maua wa Naivasha na mwandishi wa hesabu wa benki, wote wamo ndani yake.

Siku hizo 14 ni sakafu tu, si dari. Mtumishi wa serikali aliye katika kazi ya kudumu huhesabiwa ugonjwa wake kwa miezi, wala si kwa siku. Mahali palipo na chama cha wafanyakazi chenye nguvu, mapatano yake na waajiri huweza kuongeza siku, na sheria yenyewe yakubali kwamba mapatano yaliyo bora kwa mfanyakazi ndiyo yafuatwe. Tena sakafu ya Kenya si ya juu sana ikipimwa na ya majirani. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi siku 126 katika kipindi cha miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, ijapokuwa huko mtu hana budi kwanza kutimiza miezi sita kazini. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 hulipa mwezi wa kwanza wa ugonjwa kwa ukamilifu.

Lakini hata siku hizo chache za Kenya haziwafikii walio wengi, na hapo ndipo penye shina la jambo hili.

Shina hilo ni neno kibarua. Neno lenyewe latokana na barua: mtu wa kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi cha kuonyesha kwamba amechukuliwa kazini, na jina la karatasi likamwangukia mtu. Katika siku za ukoloni kazi za mashamba makubwa zilihesabiwa kwa tikiti ya siku 30. Siku iliyofanyiwa kazi ilitiwa alama, siku ya homa iliachwa tupu, na mtu alingoja tikiti ijae ndipo alipwe. Huko bandarini Mombasa, mgomo mkuu wa Januari 1947 ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoisukuma serikali kutaka kazi ya kutwa ipunguzwe, na katika miaka ya 1950 wachukuzi wengi wa meli wakaanza kuandikwa kwa mwezi. Tikiti zile zimekwisha zamani, lakini hesabu yake ingalipo: palipo na kazi, pana fedha, palipo na homa, hapana.

Sheria ya sasa humwita kibarua yule anayelipwa mwisho wa kila siku, na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Mtu wa namna hiyo hawezi kutimiza miezi miwili, kwa kuwa kila jioni kazi yake yahesabiwa kuwa imekwisha. Basi waliotunga sheria waliona hatari hiyo wakaifungia mlango. Walisema kwamba kibarua akifanya kazi kwa siku za mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotazamiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mwezi. Na akiendelea hata kufika miezi miwili tangu siku ya kwanza, hupata haki zote ambazo angalizipata kama asingalianza kwa kibarua. Likizo ya ugonjwa imo humo.

Mlango huo una ufa, na waajiri wajanja waujua vizuri. Mtu hufanya kazi wiki saba, huambiwa apumzike nyumbani siku kumi, kisha huitwa tena kana kwamba ni mgeni. Mwingine hupewa majina ya makampuni mawili kwa zamu, ijapokuwa lango ni moja na msimamizi ni yule yule. Mambo ya namna hiyo hupelekwa mahakamani, na mahakimu huangalia kazi ilivyokuwa kweli. Lakini mtu mwenye homa hafikirii mahakama. Afikiria unga.

Wako wasomaji watakaosema kwamba haya ni shida ya kibarua peke yake. Hilo ni kosa kubwa la hesabu. Mpishi wa hoteli anayehara, akijua kwamba kutofika kazini ni kukosa fedha ya siku, hufika. Naye huushika mkate wa karani. Kifua kikuu ni mfano ulio wazi zaidi. Dawa zake katika zahanati za serikali hutolewa bila malipo, na matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Lakini kwa kawaida hatari kubwa ya kuwaambukiza wengine hupungua sana baada ya wiki mbili hivi za dawa. Wiki mbili ni siku 14, yaani zile zile zilizotajwa katika sheria. Mfanyakazi anayezipata hukaa nyumbani wakati ambapo kikohozi chake ni cha hatari kwa wenzake. Asiyezipata hukohoa ndani ya matatu asubuhi na jioni, na katika chumba cha kupakia chai katikati yake.

Inafaa pia kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara nyingi. Mchango wa bima ya afya, ambao tangu Oktoba 2024 hupelekwa kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii badala ya hazina ya zamani iliyoanzishwa mwaka 1966, hulipia matibabu. Haulipi mshahara uliopotea. Na mtu aliyeumizwa na mashine kazini ana sheria yake nyingine ya fidia, ya mwaka 2007 vilevile. Homa ya kawaida haimo katika hiyo.

Ama yule asiye na mwajiri, kama mwuza mboga wa sokoni au mwendesha bodaboda mwenye pikipiki yake, sheria ya ajira haimwoni kabisa. Hesabu za serikali huonyesha kwamba zaidi ya watu wanane katika kila kumi wenye kazi nje ya mashamba madogo wamo katika kazi zisizo rasmi. Hao hutegemea ndugu na chama cha kuchangiana, na chama aghalabu huamka kwa msiba au kwa kulazwa hospitali. Kwa wiki moja ya homa, mara chache.

Wako pia waajiri wasiojijua kuwa ni waajiri. Mkulima wa Nyeri au Kisii mwenye ng'ombe watatu na ekari chache za chai hujiona kuwa mtu mdogo, na kwa kweli hana likizo ya ugonjwa yeye mwenyewe. Lakini kijana anayemkamia ng'ombe wake kwa mwaka wa pili sasa, analala katika chumba cha uani na hulipwa kila mwisho wa mwezi, si kibarua hata kidogo, haidhuru aitwe jina gani. Akiugua, zile siku 7 na nusu saba ni haki yake. Ikihesabiwa gharama yote, ni mshahara wa siku kumi na nusu kwa mwaka mzima, tena kama kijana ameugua siku zote hizo, jambo lisilotokea kila mwaka. Wakulima wengi humpa mtu wao fedha ya dawa kwa huruma, kisha hukata siku zake. Huruma hiyo ni njema, lakini si badala ya ile haki.

Kazi ya miezi mitatu au zaidi yapasa kuwa na mapatano yaliyoandikwa, na wajibu wa kuyaandika ni wa mwajiri. Yakikosekana, na pakatokea ubishi mbele ya mahakama juu ya masharti ya kazi, mzigo wa kuthibitisha humwangukia mwajiri, si kijana. Kwa upande wake, mfanyakazi na atunze cheti cha zahanati, hata kama msimamizi amekataa kukipokea, na aandike tarehe alizofanya kazi katika daftari. Akinyimwa, aanze kwa ofisa wa kazi wa kaunti. Asikawie mno, kwa kuwa madai ya ajira yanayofikishwa mahakamani baada ya miaka mitatu hayasikilizwi.