SOMO LA 14: SODA NA MKATE SIO MALIPO YA NGOMA

 

Wiki iliyopita tulimaliza habari ya manjano kwa watoto wachanga. Leo naomba mnivumilie, nataka kuongelea ngoma. Najua kuna watakaosema nesi na ngoma wapi na wapi. Twendeni taratibu mtaona vinakutana wapi.

Huku kwetu, iwe Masumbwe mjini au vijijini, ukisikia kuna ugeni mkubwa unakuja, jambo la kwanza ni: "Waambieni wale akina mama wa ngoma wajiandae." Wanapigiwa simu usiku. Asubuhi saa mbili wako uwanjani, wengine na watoto mgongoni, msafara unafika saa nane. Wanacheza dakika kumi, wageni wanapiga picha, watu wanapanda magari. Kikundi kinapewa soda na mkate. Ikiwa siku nzuri, na kofia.

Sasa hebu tuhesabu. Aliyefunga turubai kalipwa. Mwenye spika kalipwa. MC kalipwa, tena alidai nusu kabla hajashika maiki. Mama ntilie kalipwa. Aliyecheza juani ndiye anaambiwa eti "anadumisha mila". Mila hainunui sabuni, jamani. Mimi hili silikubali, na nadhani linatuumiza zaidi ya tunavyodhani.

Kwanza tukumbuke ngoma kwa Wasukuma ilikuwa kazi inayoheshimika. Bugobogobo, ile ya majembe, ilizaliwa shambani. Watu wanalima kwa pamoja, mdundo unawapa mwendo, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja, na shamba kubwa linaisha kabla jua halijawa kali. Halafu kuna Bagika na Bagalu, zile pande mbili zinazoshindana tangu karne ya 19, enzi za Ngika na Gumha. Wanacheza kwa wakati mmoja, kila upande mahali pake, na anayevuta watu wengi ndiye kashinda. Watazamaji wenyewe ndio majaji! Ukirudia nyimbo za mwaka jana, watu wanakuhama unawaona. Kwa hiyo manju anatunga upya kila msimu baada ya mavuno, kikundi kinafanya mazoezi, dawa zinatafutwa (hizo mimi nesi nazipita kimya kimya). Huyo ni mtu mwenye ujuzi, kama fundi cherehani.

Wenzetu wa Bujora, pale Kisesa karibu na Mwanza, waliliona hili mapema. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianzisha kazi ya kukusanya vitu na kumbukumbu za Wasukuma, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968. Kila Juni kuna Bulabo, sherehe iliyofungamana na sikukuu ya Ekaristi, na ngoma za Bagika na Bagalu zinashindana. Ni tukio lenye tarehe na mahali pake, wacheza ngoma wanajua msimu ukifika wana pa kwenda. Mbali zaidi, Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu 1981, siku hizi TaSUBa. Na sisi? Mkoa wa Geita ulianza 2012, na Mbogwe ikawa wilaya mwaka huohuo. Dhahabu tunayo. Lakini mtoto wa hapa akitaka kujifunza kupiga ngoma, nimwelekeze wapi? Mimi sina pa kumwelekeza. Na Kisumbwa chenyewe, lugha ya wenyeji wa hapa, kinapungua mbele ya macho yetu. Wodini bibi anaongea Kisumbwa, mama anamjibu Kiswahili, mjukuu anacheka tu.

Sasa tuje kwenye kazi yangu.

Wengi mnaojifungua hapa hamna ndugu karibu. Baba kasikia kuna rashi sehemu fulani, kaenda, simu haipatikani wiki mbili. Mama yuko chumba cha kupanga na mtoto wa wiki tatu, mama mzazi yuko mbali, majirani nao ni wageni kama yeye. Halali, hali, analia bila sababu anayoweza kuitaja, mtoto akilia anamwangalia tu. Hiyo ni sonona baada ya kujifungua. Sio kudeka, sio mapepo. Niliwaandikia kwenye somo la 9.

Mwaka 2018 jarida moja la Uingereza la magonjwa ya akili lilichapisha utafiti wa wanawake 134 waliojifungua na wenye dalili hizo. Waligawanywa makundi matatu: wa kwanza waliimba pamoja na watoto wao kwa wiki 10, wa pili walikutana kwa michezo, wa tatu waliendelea na huduma ya kawaida. Wenye dalili za kati na kali walioimba walipata nafuu haraka zaidi kuliko wale wa huduma ya kawaida. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, yaani jambo hili sio la mtu mmoja kuota ndoto.

Kumbe Waingereza waliunda kwa makusudi kitu ambacho bibi zetu walikuwa nacho: wanawake wamekaa pamoja, wanaimba, watoto mapajani. Kikundi cha ngoma hapa mtaani ndicho hicho. Mwenzako akikosa mazoezi siku mbili, watu wanagonga mlango wake. Mimi na zamu yangu ya wodi nzima siwezi kugonga milango hiyo. (Nyimbo haziondoi dawa wala ushauri wa daktari. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, njoo hospitali leo hii.)

Lakini kikundi kinachocheza bure hakidumu. Mwaka wa kwanza wako ishirini, wa pili kumi, wa tatu wamebaki wazee watatu na ngoma iliyochanika, maana kila mmoja kaenda kutafuta hela ya kula.

Wengine watasema: si kuna mikopo ya halmashauri? Ipo. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Ila nitawaambia ukweli, mkopo sio dawa ya kwanza. Ukimkopesha mtu ambaye wateja wake wote wanamlipa soda, umempa deni tu. Kwanza alipwe. Kama shughuli ina bajeti ya turubai, iwe na bajeti ya ngoma, iandikwe kabisa kwenye karatasi. Kampeni za chanjo na lishe nazo zitumie vikundi hivi na kuvilipa, kwa sababu wimbo wa chanjo mama anaondoka nao nyumbani, tangazo la spika analiacha barabarani.

Na migodi. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kusaidia jamii na kukubaliana na halmashauri. Madarasa na zahanati ni vizuri sana, mimi ndiye ninayefanya kazi humo. Ila sioni ubaya na mabanda mawili matatu ya mazoezi, na siku moja ya mashindano kila baada ya mavuno, yakiwekwa kwenye mpango huo. Hayo yanasemwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kwa hiyo tuhudhurie, tusimwachie mwenyekiti peke yake.

Mlio na kikundi tayari: andikeni katiba hata ya kurasa mbili, chagueni viongozi, fungueni akaunti. Nendeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri awaelekeze usajili BASATA. Mambo ya mkopo ni afisa maendeleo ya jamii. Vijana mnaorekodi nyimbo za asili na kuzisambaza kwa flashi, ulizieni COSOTA habari ya kusajili kazi zenu. Na mkiitwa kwenye shughuli, taja bei kabla hamjavaa njuga.

Kiongozi wa kikundi cha akina mama, nitumie inboksi jina la kijiji chenu na siku ya mazoezi. Nataka niwe na orodha pale kwenye kliniki ya watoto, mama mgeni akija peke yake nimwambie, Jumamosi nenda pale chini ya mwembe, wanaimba.