Malalamiko ya Wapanda Baiskeli si Utovu wa Nidhamu

Upo ugonjwa unaoota mizizi katika michezo ya ridhaa, nao ni ugonjwa wa waandaaji kuchukia kusikia. Mashindano ya baiskeli ya barabarani yanapokwisha, vumbi likatulia na mgeni rasmi akaondoka, wapanda baiskeli hubaki wakisimuliana yaliyowapata njiani. Badala ya masimulizi hayo kuandikwa daftarini na kufanyiwa kazi, huitwa majungu, huitwa kukosa shukrani, na yule anayesema kwa sauti kuliko wenzake huonywa kwamba mwakani hataitwa. Kwa njia hiyo kosa la mwaka huu hutunzwa salama hadi mwaka ujao.

Yafaa kwanza ielezwe ni nini hasa wanachokisema, maana wengi huwalaumu kabla ya kuwasikiliza. Iwe ni katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, ambako baiskeli ni miguu ya pili ya mkulima, au iwe ni kwingineko, malalamiko yao hufanana kama ndugu wa tumbo moja. Waliambiwa mbio zitaanza saa 1 asubuhi. Zikaanza saa 4, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa bado hajafika. Waliahidiwa maji njiani. Wakakuta pipa tupu, au gari la maji likawapita kwa kasi likifukuzia kundi la mbele. Waliambiwa kila njia panda itakuwa na mtu wa kuzuia magari. Wakakutana na lori la mchanga likiingia barabarani kana kwamba siku hiyo ni siku kama nyingine. Walio nyuma walipofika mwisho wa safari, turubai lilikuwa limekwisha kukunjwa na matokeo yamekwisha kusomwa. Na wale walioshinda waliambiwa kwamba zawadi zitafuata baadaye, neno ambalo kila mwanamichezo anaijua tafsiri yake.

Kwa malalamiko hayo waandaaji wana majibu matatu, na yote yamezoeleka mno.

Jibu la kwanza ni kwamba wanaolalamika ni wale walioshindwa. Ni kweli kwamba wapo wenye desturi ya kutafuta mchawi wa kila ajali yao, na mtu aliyeanza mbio bila mazoezi hana haki ya kulaumu mlima. Lakini jibu hili halina nguvu mbele ya ushahidi. Pipa lililokuwa tupu lilikuwa tupu kwa mshindi na kwa aliyeshindwa. Lori lililoingia njiani halikuuliza nani ana namba gani mgongoni. Tena, anayeshika nafasi ya 90 ndiye shahidi bora kuliko wote, kwa sababu huduma mbovu humfikia yeye kwanza. Walio mbele huongozwa na pikipiki, hupigwa picha na hupewa maji yaliyopo; walio nyuma hupewa yaliyobaki, na mara nyingi hakuna kilichobaki. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwandaaji aliyeketi jukwaani tangu mwanzo hadi mwisho hawezi kumfundisha mpanda baiskeli habari za kilomita ya 80.

Jibu la pili ni kwamba kazi hii ni ya kujitolea, na anayejitolea halaumiwi. Hapa pana upotoshaji wa neno zuri. Kujitolea ni kutoa nguvu na wakati bila kudai ujira. Si kibali cha kuharibu. Mwalimu anayefundisha masomo ya jioni bila malipo hapati kwa sababu hiyo ruhusa ya kufundisha hesabu zisizo sahihi. Wananchi wanaochimba msingi wa zahanati kwa nguvu zao wenyewe bado hupima kwa kamba, kwa kuwa ukuta uliopinda utaanguka bila kujali kama fundi alilipwa au hakulipwa. Isitoshe, mpanda baiskeli naye amejitolea. Ameacha shamba au duka lake, amelipa kiingilio, amenunua mipira ya magurudumu, na zaidi ya yote ameuweka mwili wake barabarani. Kati ya wawili hao waliojitolea, anayeweza kurudi nyumbani akiwa amevunjika mfupa ni mmoja tu.

Jibu la tatu ni kwamba fedha hazitoshi. Jibu hili lingestahili huruma kama fedha chache zilizopo zingetumika kwa utaratibu wa mambo ya lazima kwanza. Lakini ni nani asiyejua hali ilivyo? Jukwaa husimamishwa tangu jana yake, vipaza sauti hujaribiwa alfajiri, vitambaa vyenye majina ya wafadhili hutundikwa bila hata kimoja kusahauliwa, fulana za wajumbe wa kamati huwahi kufika. Kinachochelewa ni maji. Kinachosahauliwa ni sanduku la huduma ya kwanza. Umaskini unaojua kuchagua namna hii si umaskini wa mfuko.

Hebu hesabu ndogo ifanywe, ya aina ambayo kila mtumishi wa serikali na kila mwalimu anaiweza. Mtu anayefanya kazi nzito juani anaweza kutokwa na jasho la lita moja kwa saa, na wengine hutoa zaidi. Mashindano ya kilomita 150, kwa mwendo wa kilomita 35 kwa saa, huchukua zaidi kidogo ya saa nne. Kwa hiyo kila mpanda baiskeli anahitaji kiasi cha lita nne za maji, naye hubeba chupa mbili ambazo kwa pamoja hazizidi lita moja na nusu. Wapanda baiskeli 200 wanahitaji lita 800, yaani madumu 40 ya lita 20. Madumu 40 ni mzigo wa gari dogo moja. Hakuna wilaya iliyo maskini kiasi cha kushindwa kupata madumu 40 ya maji safi kwa siku moja katika mwaka. Kinachokosekana ni mtu wa kuketi juma moja kabla, akashika kalamu, akazidisha 200 kwa nne.

Na kuchelewa kuanza si suala la adabu peke yake. Waliopangiwa kuondoka saa 1 asubuhi wangemaliza baada ya saa 5, kabla jua halijawa kali. Wakiondoka saa 4, watamaliza baada ya saa 8 mchana, wakiwa wamelipitia jua lote la utosi. Wale wanaotumia baiskeli nzito za chuma, zile zile zinazobeba magunia ya mkaa na madumu ya maji siku za kawaida, kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa watahitaji saa sita, na hao watafika saa 10 alasiri. Saa tatu za kumngoja mgeni rasmi kivulini ni saa tatu ambazo wengine watazilipa juani.

Anayedhani kwamba maneno haya yametiwa chumvi na akumbuke yaliyotokea Roma. Tarehe 26 Agosti, 1960, katika Michezo ya Olimpiki, mpanda baiskeli wa ridhaa kutoka Denmark, Knud Enemark Jensen, mwenye umri wa miaka 23, alishiriki mbio za timu za kilomita 100 katika joto lililopita nyuzi 40. Mwenzake mmoja alikwisha kujitoa kwa kuzidiwa na jua. Na kwa kuwa kanuni ilitaka watatu katika kila timu wamalize, Jensen aliendelea ingawa alikuwa anaona kizunguzungu. Akaanguka, akavunjika fuvu, na siku hiyo hiyo akafariki. Yalizuka baadaye mabishano marefu kuhusu dawa zilizosemekana kutumiwa, lakini juu ya ukali wa jua hapakuwa na ubishi. Kama jua liliweza kumwangusha kijana katika mashindano makubwa kuliko yote duniani, penye madaktari na magari, iweje lidharauliwe pale ambapo hata pipa la maji ni la kubahatisha?

Liko jambo jingine ambalo wapanda baiskeli hulisema na halisikilizwi: hakuna anayewahesabu. Huanza watu wengi, humaliza wachache, na hakuna ajuaye waliopungua wako wapi. Huenda wamerudi makwao. Huenda mmoja amelala mtaroni. Mwezi Septemba 2024, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Zürich, Uswisi, msichana wa miaka 18, Muriel Furrer, alianguka katika sehemu ya msitu, na muda mrefu ulipita kabla hajagunduliwa. Alifariki siku iliyofuata. Mashindano ya dunia yalipofika Kigali, Rwanda, Septemba 2025, yakiwa ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika, kila mpanda baiskeli alipewa kifaa cha kuonyesha mahali alipo. Hivyo ndivyo watu makini wanavyolipokea kosa: hawamfokei anayelitaja, wanalitafutia dawa.

Itasemwa kwamba vifaa hivyo ni ghali. Na iwe hivyo. Lakini daftari na kalamu si ghali. Walimu wanaowapeleka wanafunzi katika UMITASHUMTA na UMISSETA huwahesabu watoto wakipanda gari na huwahesabu tena wakishuka, na gari haliondoki mpaka hesabu itimie. Utaratibu huo huo, ukifanywa mwanzoni mwa mbio, katikati na mwishoni, ungetosha kumwokoa mtu. Mwalimu anayeujua utaratibu huo shuleni na kuusahau anapokuwa mjumbe wa kamati ya mashindano hawezi kusema kwamba hakufundishwa.

Isidhaniwe kwamba wapanda baiskeli ni watu wasioridhika na lolote. Huko Cape Town, Afrika Kusini, hufanyika kila mwaka mbio kubwa za baiskeli zilizoanza mwaka 1978 zikiwa na washiriki mia chache tu, na ambazo sasa hukusanya makumi ya maelfu. Tarehe 12 Machi, 2017 upepo ulivuma kwa nguvu za kuwaangusha watu na baiskeli zao pale pale mahali pa kuanzia. Makundi ya kwanza yalikuwa yamekwisha kuondoka, lakini waandaaji hawakuona haya kubadili uamuzi: wakazivunja mbio na kueleza sababu wazi wazi. Chakula na maji yaliyokuwa yameandaliwa yakapelekwa kwa wananchi wa Imizamo Yethu waliokuwa wameunguliwa na nyumba zao. Watu waliosafiri kutoka mbali walirudi bila kushindana, na bila shaka wapo walionung'unika. Lakini mashindano hayo hayakufa, kwa sababu mshiriki humsamehe mwandaaji anayemweleza ukweli na kuujali uhai wake. Asichosamehe ni kudanganywa, kisha kunyamazishwa.

Hapa nchini mfano mkubwa kuliko yote unajulikana kwa kila mtoto wa shule. Tarehe 20 Oktoba, 1968, huko Mexico, John Stephen Akhwari alimaliza mbio za marathoni akiwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Taifa limejivunia ushujaa huo miaka yote hii, na kwa haki. Lakini wachache hukumbuka upande wa pili wa habari hiyo. Alipoingia uwanjani usiku, taa zilikuwa zinawaka, mstari ulikuwapo, na palikuwa na mtu mwenye saa aliyeandika kwamba Akhwari wa Tanzania alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Lau waandaaji wa Mexico wangekunja meza zao baada ya kupatikana washindi watatu, Akhwari angemalizia mbio zake gizani, na Tanzania isingekuwa na hadithi ya kuwasimulia watoto wake. Ni aibu kwa taifa linalomwenzi mtu wa namna hiyo kuwa na mashindano ambamo anayefika wa mwisho hukuta watu wanapakia viti garini.

Yanayotakiwa hayahitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Mbio zianze saa iliyotangazwa, na mgeni rasmi aliyechelewa awakute washindani njiani. Maji yapimwe kwa hesabu na yafikishwe vituoni kabla ya wapanda baiskeli, na kituo kisifungwe kabla wa mwisho hajapita. Kila njia panda iwe na mtu anayejulikana kwa jina. Washiriki wahesabiwe. Zawadi iliyotangazwa iwe mkononi kabla ya kutangazwa. Na katika juma linalofuata, kamati iwaite wapanda baiskeli, wa mbele na wa nyuma, wanawake kwa wanaume, iwasikilize, iandike, na iyasome maandishi hayo mwaka unaofuata kabla ya kutundika kitambaa cha kwanza.

Tangu Baraza la Michezo la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, michezo imehesabiwa kuwa shughuli ya taifa zima na si burudani ya wakubwa wanaoketi kivulini. Katika wilaya na kata, wanaoingizwa katika kamati za mashindano ni watumishi wa serikali na walimu, watu waliosomeshwa kwa jasho la wananchi na ambao kazi yao ya kila siku ni kupanga, kuhesabu na kutunza kumbukumbu. Wao hawana udhuru. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na mwandaaji anayewaziba midomo wapanda baiskeli leo ajue kwamba siku moja badala ya malalamiko ataletewa machela.