Saratani ya tumbo: Kamera ya kwanza anayohitaji mgonjwa wa Thika

KWA msafiri anayetoka Thika kuelekea Nairobi kwa barabara kuu iliyozinduliwa na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, hospitali za umma zimepangana kama vipago vya ngazi. Kuna Thika Level 5, hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Kiambu. Kuna Ruiru Level 4, inayohudumia mji ambao sensa ya 2019 iliuhesabu kuwa miongoni mwa mikubwa zaidi nchini. Mbele kidogo, upande wa Kahawa, kuna Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, yenye vitanda 650, iliyofungua milango mwaka wa 2019.

Msongamano ukipungua, safari hiyo haimalizi saa moja kwa matatu. Lakini kwa mgonjwa wa saratani ya umio, ya tumbo la chakula au ya utumbo mpana, safari kutoka zahanati ya kwanza hadi meza ya upasuaji yaweza kuchukua miezi, na miezi hiyo ndiyo humpokonya nafasi ya kupona.

Ni katika hali hiyo ambapo mjadala kuhusu upasuaji wa kisasa unapaswa kupimwa. Madaktari katika nchi nyingi wameacha kumpasua mgonjwa wa saratani ya utumbo kuanzia chini ya kifua hadi chini ya kitovu. Badala yake hutoboa vitundu vidogo, hujaza gesi ya kaboni tumboni ili pawe na nafasi, kisha huingiza kamera na vyombo vyembamba huku wakitazama kioo cha televisheni. Kamera ilianza kutumika kuondoa vifuko vya nyongo katikati ya miaka ya 1980 huko Ujerumani na Ufaransa, na kufikia 1991 ilikuwa imeanza kutumika kwa utumbo mpana.

Ipo njia ya kati ambayo haizungumzwi sana. Daktari huongeza kwenye vitundu hivyo mpasuko mmoja wa sentimita saba au nane, unaotosha kupitisha mkono wake. Mpasuko huo hufungwa kwa pete maalumu inayozuia gesi kutoka. Mkono mmoja, kwa kawaida wa kushoto kwa anayetumia wa kulia, huwa ndani ukishika na kuvuta, nao wa pili ukiongoza chombo kutoka nje.

Faida yake inaeleweka hata kwa asiye daktari. Vyombo virefu humnyima mpasuaji hisi ya vidole. Uvimbe mdogo usioonekana juu ya utumbo huweza kupapaswa na kutambuliwa, na mshipa ukipasuka ghafla, kidole huuziba mara moja kabla hajatafuta koleo. Aidha, kipande cha utumbo chenye saratani ni sharti kitolewe kikiwa kizima, na hakiwezi kupita kwenye kitundu cha sentimita moja. Mpasuko wa kukitolea ungefanywa tu mwishoni. Njia hii huufanya mwanzoni, ukatumika tangu hatua ya kwanza.

Hofu ya awali ilikuwa kwamba gesi na vyombo vingetawanya seli za saratani hadi kwenye vitundu vya ngozi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2004, uliowahusisha wagonjwa 872 wa saratani ya utumbo mpana katika hospitali 48 za Marekani na Kanada, uliituliza. Baada ya miaka mitatu ugonjwa ulikuwa umerudi kwa asilimia 16 ya waliopasuliwa kwa kamera, na asilimia 18 ya waliopasuliwa kwa njia ya zamani. Kuhusu mkono wenyewe, jaribio jingine la Marekani la 2008 lilionyesha kwamba upasuaji wa upande wa kushoto wa utumbo mpana ulimalizika zaidi ya nusu saa mapema kuliko ule wa vitundu vitupu, na mgonjwa hakucheleweshwa kupona.

Kwa hospitali ya kaunti, nusu saa si jambo dogo. Chumba cha upasuaji ambacho pia hupokea majeruhi wa ajali za bodaboda na akina mama wa kujifungua kwa upasuaji hakiwezi kumtengea mgonjwa mmoja siku nzima. Isitoshe, daktari aliyezoea kupasua kwa mikono huijua njia hii upesi zaidi, kwa kuwa nusu ya kazi anaifahamu tayari.

Dosari zake zipo. Pete hiyo ni ya kutumika mara moja na kutupwa, na huagizwa kutoka ng'ambo. Mkono wa daktari huchoka na kufa ganzi. Na kwa saratani ya puru, iliyo ndani kabisa ya nyonga, mkono huziba hata kile ambacho kamera ingeonyesha.

Hayo yote, hata hivyo, yanamhusu mgonjwa aliyefika mapema. Hapo ndipo hoja inapogeuka. Makadirio ya mwaka wa 2018 ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani yalihesabu wagonjwa wapya 4,380 wa saratani ya umio nchini Kenya na vifo 4,351. Tarakimu hizo mbili zinakaribiana mno, na maana yake ni kuwa wengi hugunduliwa wakati chakula kigumu hakipiti tena kooni, maji nayo yakipita kwa shida. Katika hatua hiyo kinachosaidia ni mrija wa waya unaopanua njia ya chakula, kazi ambayo Hospitali ya Tenwek, Kaunti ya Bomet, imeifanya kwa miaka mingi hata ikajulikana kimataifa. Kisu, kiwe cha mpasuko mrefu au cha vitundu, huwa kimechelewa.

(Shirika hilo hilo lilitangaza mwaka wa 2016 kuwa vinywaji vya joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Katika kaunti inayolima chai na kuinywa ikifuka moshi, tangazo hilo lilistahili kujadiliwa zaidi ya lilivyojadiliwa.)

Kwa hiyo kamera ya kwanza anayohitaji mtu wa Makongeni au wa Githurai ni ile nyembamba inayopitishwa mdomoni au njia ya haja kubwa, ikachukua kipande cha nyama kupelekwa maabara. Bila hiyo, anayeumwa tumbo hupewa dawa za vidonda mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Anayetoa damu huambiwa ni bawasiri. Akija kupewa barua ya rufaa, ugonjwa umefika kwenye ini.

Wadadisi wa sekta ya afya watakumbuka mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali ulioanza mwaka wa 2015, ambapo hospitali mbili katika kila kaunti, pamoja na nne za kitaifa, zilipelekewa mashine za kisasa. Seneti ilipochunguza, baadhi ya mashine zilipatikana zikiwa zimekaa bure, hapa kwa kukosa wataalamu, pale kwa kukosa umeme au maji. Kamera za upasuaji zikinunuliwa kwa mtindo huo zitaishia mahali pale pale. Upasuaji huu hauwezekani bila mtaalamu wa nusukaputi, muuguzi aliyefunzwa vyombo vyake, fundi wa kuvikarabati na mtaalamu wa patholojia wa kutoa majibu kwa wakati.

Na watu hao ndio walioadimika. Mgomo wa madaktari wa Kaunti ya Kiambu ulioanza Mei 2025 ulidumu takriban siku 150 hadi Oktoba. Mwenye mafua angeweza kusubiri. Mwenye uvimbe kwenye utumbo alisubiri pia, lakini uvimbe wake haukusubiri. Wenye uwezo walikwenda hospitali za kibinafsi, na wengine wakasongamana Kahawa.

Ugatuzi nao una fundo lake. Thika na Ruiru ziko chini ya gavana, ilhali hospitali ya Kahawa iko chini ya serikali kuu. Mgonjwa huvuka kutoka serikali moja hadi nyingine akiwa na faili mkononi, na mara nyingi vipimo huanza upya. Gharama nazo humfuata: Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, matibabu ya saratani yalitengewa Sh400,000 kwa familia kwa mwaka, na nyongeza ya Sh150,000 kutoka hazina ya magonjwa sugu. Fedha hizo humalizwa upesi na anayehitaji upasuaji na dawa za kemikali kwa pamoja.

Bajeti ya kaunti hupitishwa kabla ya Juni 30 kila mwaka. Wawakilishi wa wadi wa Thika na Ruiru watakapoletewa makadirio yajayo, yafaa waulize ni kiasi gani kimetengewa kamera ya uchunguzi, vipuri vyake na mshahara wa anayeiendesha, kabla ya kuulizia ile ya chumba cha upasuaji.