Waya wa mtaani si mkongo wa baharini



Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini, wengi nchini tulitaabika lakini tulivumilia, kwani matengenezo yale hungoja meli. Waya uingiao nyumbani kwangu ulikatwa na lori la mkaa. Hii ni wiki ya tano, na kampuni inanijibu, "Tatizo ni mkongo." Mbona jirani yangu, mteja wa kampuni nyingine, anapata intaneti? Nikichelewa kulipa nakatiwa siku hiyo hiyo!

Kosa langu niliuliza bei na kasi tu. TCRA iyabane makampuni yaandike katika mkataba siku za kutengeneza waya, na siku zinazozidi tusitozwe ada.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Morogoro Vijijini.