Slaidi Thelathini na Nne na Debe Moja

Mwaka jana nilihudhuria, hapa hapa Songea, mafunzo ya siku mbili ya namna ya kuandaa na kutoa mawasilisho kazini. Slaidi isizidi mistari sita, tuliambiwa. Mstari usizidi maneno sita. Simama wima, tabasamu, toa mikono mfukoni, anza na kichekesho, watazame watu machoni. Yote hayo mwezeshaji aliyasoma kutoka ukutani, akiwa ametupa mgongo.

Ningecheka, lakini siku ile sikuwa na uso wa kucheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kufanya kosa baya zaidi ya lake, na kosa langu liliwagharimu watu mahindi.

Nieleze. Nafanya kazi na vikundi vya wakulima vijijini. Kwa wasomaji wasioujua mkoa wetu wa Ruvuma: huku mahindi ndiyo ada ya shule, ndiyo bati, ndiyo mahari. Na adui wa mahindi si panya tu, kuna lumbesa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Mnunuzi anakuja na gunia lake, linajazwa mpaka mdomoni, halafu linavishwa kilemba cha mahindi mengine juu, linashonwa kwa kamba, na bei inabaki ile ile ya gunia moja. Dawa yake inajulikana na kila mtoto: mzani. Pima, lipa kwa kilo, nenda zako.

Basi nilitakiwa kuwasilisha jambo hili mbele ya kamati iliyokuwa na fedha za mwaka ule. Swali lilikuwa moja tu: tununue mizani kwa maghala ya vijiji vitatu, au fedha ziende kwingine? Nilijiandaa wiki nzima. Yaani kujiandaa kwenyewe kulikuwa kupaka rangi. Nilitengeneza slaidi 34. Nilikuwa na mishale inayoingia kutoka kushoto. Nikasimama, nikasema itifaki imezingatiwa, nikaanza kusoma.

Kwenye slaidi ya kumi na kitu, chini ya kichwa "Changamoto", nilikuwa nimeandika hivi: Uhaba wa vifaa vya upimaji. Ukosefu wa taarifa za masoko. Uelewa mdogo wa wakulima. Wajumbe wakatikisa vichwa, mmoja akawa anajibu ujumbe kwenye simu, mwingine akaomba nirudishe nyuma kidogo aipige picha. Mwisho wakapiga makofi. Kisha wakaamua, kwa kauli moja, kwamba kwa kuwa tatizo ni uelewa mdogo wa wakulima, fedha zitumike kuwapa wakulima semina.

Wapenzi wa fasihi, naomba tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Kamati ile haikunidhulumu, ilinisoma kama nilivyoandika. Tazameni maneno yale: uhaba, ukosefu, uelewa. Ni msururu wa nomino za U-, na kitenzi hakuna hata kimoja. Nani kakosa? Nani kamfanya nani nini? Uhaba ulishuka kama mvua? Kwenye slaidi yangu mnunuzi hayupo kabisa. Gunia halipo. Mama aliyesimama juani akitazama kilemba kinashonwa hayupo. Kuna "changamoto" tu, zimejipanga mstari kama wanafunzi asubuhi.

Na Kiswahili ni lugha ya kitenzi jamani! Nikisema "wanatupunja", kwa neno moja tu nimeshasema wanaopunja ni wao, wanaopunjwa ni sisi, na kwamba hata sasa bado wanaendelea. Kitenzi chetu kimembeba mtenda na mtendwa mgongoni, huwezi kumtupa njiani bila watu kuona. Lakini "uhaba wa vifaa vya upimaji" unamficha kila mtu. Ndiyo maana ofisi zetu zinaupenda. "Ilibainika kuwa", "imeonekana kwamba", "kumekuwepo na". Hakuna anayeudhika, na mwenye gari la kununulia mahindi anaweza kuketi kiti cha mbele na kupiga makofi pamoja na wengine.

Kwa hiyo sikubaliani na hao wanaotufundisha kwamba wasilisho baya linaponywa kwa tabasamu na kutoa mikono mfukoni. Sentensi ndiyo mgonjwa. Mtu anayejua anataka kusema nini, na anataka wasikilizaji wafanye nini wakitoka mlangoni, anaweza kuingiza mikono yote miwili mfukoni na bado akasikika.

Mtaniambia naitwisha lawama programu ya kompyuta. PowerPoint ilitoka mwaka 1987, na mwaka huo huo Microsoft wakainunua. Tangu hapo watu wengi wameitumia vizuri. Ramani ionyesheni. Picha ya mche wa mahindi ulioliwa na viwavi, ionyesheni, siwezi kuieleza kwa mdomo ikafanana. Na kuna msikilizaji asiyesikia vizuri ambaye maandishi ya ukutani ndiyo pa kushikilia. Nakubali. Ila ule ugonjwa wa vistari upo, na si sisi wa Ruvuma tu tunaouugua. Chombo cha anga cha Columbia kiliposambaratika Februari 2003 na kuua watu saba, Edward Tufte alichambua slaidi moja ambayo wahandisi walikuwa wameiwasilisha wakati chombo kingali angani. Alionyesha jinsi onyo lenyewe lilivyozikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, chini ya kichwa cha habari chenye matumaini. Bodi iliyochunguza ajali nayo ikalalamikia tabia hiyo ya kueleza mambo mazito kwa slaidi.

Turudi nyumbani. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, tayari Rais, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, na mwaka 1969 akaitoa upya baada ya kuirekebisha, kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini mtu mwenye nchi changa ya kuendesha alikesha na kitabu kile. Sina jibu lake, ila najua mimi nakipata wapi. Nakipata pale msibani. Bruto anaanza kuongea, hoja zake zimepangwa vizuri, watu wanamshangilia, naye anaondoka. Anaondoka! Kama wale wageni rasmi wetu wanaowahi ratiba nyingine. Anapanda Antoni. Hana hoja zilizopangwa, ana maiti. Ana joho lenye matundu. Ana wosia, na anakataa kuusoma mpaka watu wenyewe waulilie. Anashuka chini, wanauzunguka mwili kwa duara. Alijua tangu mwanzo alitaka watu wale wafanye nini wakitoka pale.

Najua pingamizi linalokuja, na ni zito, hasa kwa mtu wa Songea. Antoni alikuwa mjanja, na mji ukawaka moto. Sisi hapa tuna Makumbusho ya Majimaji, tuna kaburi la pamoja la walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, zaidi ya 60 kati yao, na kila Februari tunakusanyika kuwakumbuka. Ujumbe wa maji ulifika huku Ungoni mwaka 1905 kutoka mbali, ukaenea kijiji kwa kijiji bila slaidi wala kipaza sauti, ukaunganisha makabila ambayo jana yake hayakuaminiana. Kama kuna wasilisho lililofanikiwa kusini mwa nchi hii, ni lile. Na maji hayakuzuia risasi. Ebrahim Hussein aliandika tamthilia nzima, *Kinjeketile*, juu ya mtu aliyeona neno lake likimponyoka mkononi. Kwa hiyo sidai kwamba anayesema vizuri anasema kweli. Nadai kidogo tu kuliko hapo: uwongo uliosemwa kwa kitenzi, msikilizaji anaweza kuukamata na kuuliza, nani, lini, umeona wewe? Vistari havina pa kukamatia.

Mama mmoja ndiye aliyenifundisha. Semina ile ya "uelewa" ilifanyika kijijini, kwenye ghala lisilo na umeme, hivyo projekta ilibaki kwenye gari. Nikaanza kueleza kwa mdomo umuhimu wa vipimo sahihi. Yule mama akanyoosha mkono. "Mwanangu, nikusaidie?" Nikamwambia karibu mama. Akamwomba kijana wake alete gunia la lumbesa lililokuwa likingoja gari, na debe. Akakata kamba, akatandika turubai, akaanza kupima na kumwaga, akihesabu kwa sauti. Debe sita ndizo tunazohesabu gunia. Sita ikapita. Saba. Ya nane ilijaa na kumwagika pembeni. Akaliweka debe chini, akaniangalia mimi, si wenzake.

"Hizi mbili nimemuuzia nani?"

Ghala zima kimya. Sijapata kusikia kimya cha namna ile baada ya slaidi yoyote. Alitumia dakika kumi, pengine pungufu. Na uelewa, kama mnavyoona, haukuwa mdogo. Fedha za mizani ndizo zilizotuleta pale, zilikuwa zimeshageuka mafuta ya gari, chai na madaftari. Msimu ule wakauza kwa kilemba tena.

Kabla hamjacheka watu wa maofisini, na nyinyi nawageukia. Nimekaa kwenye makongamano ya fasihi ambako mtu amesimama mbele ya riwaya nzuri, yenye watu wanaopendana na kuuana, akasoma ukutani: "Usawiri wa mhusika. Ujitokezaji wa dhamira. Utumizi wa taswira." Sisi tunaojidai kuilinda lugha ndio tuliowafundisha hao maafisa darasani kuandika hivyo, na tukawapa alama. Mwanafunzi aliyeandika "yule baba anamwonea binti yake na mwandishi anamchekea" tulimkatia, tukamwambia si lugha ya kitaaluma.

Mwezi ujao kamati inakaa tena kugawa fedha. Nimepewa dakika kumi na tano. Nimeandika sentensi nne tu, zote zina watu ndani. Juzi katibu alinipigia kuuliza slaidi nitamtumia lini, na kama ni kweli alivyosikia, kwamba nataka kumwaga mahindi kwenye zulia la ukumbi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, turubai nitakuja nalo mwenyewe.