Wakili Mmoja, Wateja Wawili

Wanunuzi wengi wa nyumba jijini Dar es Salaam hukubali wakili aliyeletwa na muuzaji, eti kupunguza gharama. Uwekevu wa ajabu huo kwa mtu anayetoa mamilioni. Wakili huyo atashuhudia saini na kugonga muhuri. Je, atauliza kama mke wa muuzaji ameridhia, kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyodai kwa nyumba ya ndoa? Atapekua kwa Msajili wa Hati kujua iwapo imewekwa rehani benki? Mnunuzi atafute wakili wake, wapatane ada kwa maandishi, dalali asubiri. Salio la bei libaki kwa wakili hadi hati itoke na jina jipya. Muuzaji mwenye nia njema halikatai hilo.