Tuzitunze Nyumba Kuukuu za Dodoma

Kila jioni, jua linapopunguza ukali wake, wananchi wa Dodoma huketi katika bustani ya Nyerere Square, katikati ya mji, penye sanamu ya Baba wa Taifa. Hilo ni jambo jema, nasi twalisifu. Lakini mtoto akimwuliza baba yake, "Mji huu ulianzaje?", baba atamwonyesha nini?

Dodoma si mji mzee. Reli ya Wajerumani, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika hapa mwaka 1910, na mji ukakua kandokando ya stesheni. Kabla ya hapo Wagogo walikaa katika tembe: nyumba ndefu za miti na udongo, zenye paa la bapa, zilizouzunguka ua wa ng'ombe. Ziliifaa sana nchi hii ya mvua haba. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwakusanya watu vijijini, na tembe nyingi zikaachwa. Mwaka 1973 TANU iliamua kuyahamishia hapa makao makuu. Na tangu Serikali ilipohamia kwa dhati kuanzia mwaka 2016, kiwanja cha mjini kimekuwa lulu. Nyumba kuukuu sasa yaonekana kama kizuizi cha ghorofa.

Wako watakaosema kwamba sheria ipo. Naam, ipo. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulilinda kwa umri wake jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Mji uliozaliwa na reli hauwezi kuufikia mwaka huo. Nyumba zake hazina kinga mpaka Waziri azitangaze rasmi, na ni nani aliyemwomba?

Tena tangazo peke yake halitoshi. Tutazame Unguja. Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa mwaka 1936 na kutengenezwa upya mwaka 2009, yatazamana na Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka na kuua watu wawili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hatusemi kwamba kila kibanda kibakie. Twaomba mambo matatu. Kwanza, Halmashauri ya Jiji iziandike nyumba zote za kale zilizo karibu na stesheni na bustani, kisha zile zinazostahili zipelekwe kwa Waziri. Pili, kila nyumba itakayotangazwa itengewe fedha za matengenezo, na mlangoni pawekwe kibao cha kueleza habari zake kwa Kiswahili. Tatu, pembeni mwa bustani ijengwe tembe moja ya kweli, kwa mikono ya wazee wa Kigogo wanaoijua kazi hiyo, na vijana wakiwa wasaidizi wao.

Hilo la tatu halingoji. Ghorofa laweza kujengwa mwaka wowote. Fundi wa tembe akizikwa, ujuzi wake huzikwa naye. Makao makuu ni ya Taifa zima, lakini ardhi yake ina wenyewe. Mwacha asili ni mtumwa, nasi hatukuutafuta uhuru ili tuisahau asili yetu.